Siku ya Kijiko Mvukeni

Sogeeni ndani, nafasi ipo. Habari za Mvukeni hazisikilizwi kwa kusimama mlangoni.

Nyamizi alikuwa muuza samaki wa kukaanga katika mji mmoja wa kando ya ziwa, mwanamke wa watu, mwenye kujua nani kaposwa na nani kaachwa kabla hata wenyewe hawajaambiana. Mdogo wake Mbula alikuwa ameolewa Mvukeni. Ilipomfikia habari kwamba amejifungua mtoto wa kike, Nyamizi alifunga kibanda, akafungasha kanga mbili mpya, akaenda. Njia tuiache. Nchi yenyewe haimo kwenye ramani za shuleni, na waliowahi kufika hawakubaliani hata upande ilipo.

Cha kwanza alichokiona ni mvuke. Kila uani palikuwa na mafiga matatu, juu ya mafiga chungu, ndani ya chungu maji ya ziwa yakitokota, na mvuke wa vyungu vyote ulipanda ukatanda juu ya mapaa kama shuka lililoanikwa. Cha pili ni salamu. Kule hakuna "hujambo" wala "habari za nyumbani". Kumuuliza mtu hali yake ni kumvunjia heshima mbele za watu. Mkikutana mnaulizana, "Moto upo?" na jibu ni moja tu: "Upo, unawaka."

"Sasa mtu akiumwa anasemaje?" Nyamizi alimuuliza shemeji yake Masele, aliyekuja kumpokea.

Masele alitazama nyuma kwanza. Alikuwa kijana mpole, mwenye kazi ya kuchochea moto wa Chungu Kikuu cha nchi, na nyusi zake zilikuwa zimeungua nusu. "Shemeji, hapa hakuna wanaoumwa. Twende, chai inakungoja."

Nyumba ilikuwa imefurika. Wanawake wa jirani walikuwa wamejaa kwenye mikeka, mtoto anapita mkono hadi mkono, vicheko mpaka uani. Nyamizi akajiona kafika kwao. Akapewa chai ya tangawizi yenye harufu fulani ya mbali, kama majani yaliyolowekwa yakasahaulika. Akadhani ndiyo majani ya chai ya huko. Akanywa vikombe viwili.

Umbea ndio uliomfumbua macho. Aliona mwanamke mmoja anainuka, anakwenda nyuma ya migomba, anakawia, anarudi macho yamelowa, anakaa, anacheka tena. Kisha mwingine. Kisha yule wa kwanza kwa mara ya pili. Na hakuna aliyeuliza! Kwao Nyamizi, mwanamke akitoka barazani mara mbili, ya tatu anaulizwa mimba ni ya miezi mingapi.

Pembeni yake alikaa jirani mmoja, Mama Gindu, na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Mapajani alikuwa ameshika mbeleko ndogo iliyokunjwa vizuri, haina kitu.

"Na huyu mwingine yuko wapi?" Nyamizi akamuuliza, akiigusa ile mbeleko.

"Amelala," alisema Mama Gindu.

"Tangu asubuhi? Huyo mvivu kamrithi nani?"

Mbula akamfinya dada yake paja, finyo la utotoni, la kucha.

Alasiri tumbo likamgeuka Nyamizi. Lilianza kama kamba inayokazwa, kisha likapanda lote. Mbula alifunga mlango upesi, akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika, huku akimsukumia dada yake kanga.

"Tapikia humo, dada. Usikohoe. Isisikike nje."

"Mbula, nakufa, wewe unaniimbia?"

"Ukisikika tumekwisha sote."

Alipotulia ndipo akaelezwa. Mvukeni ina sheria nyingi, lakini mbili ndizo mama wa zote. Ya kwanza: maji yaliyotokota hayana kosa. Ya pili inazaliwa na ya kwanza: anayeumwa tumbo amekunywa mabichi, yasiyopita motoni. Na aliyekunywa mabichi huzimiwa moto wake na kufukuzwa nchini kabla jua halijazama. Kwa hiyo watu wa Mvukeni huumwa wakiwa wamefunga mlango, hutapika kwenye kanga, na hufa kwa jina la usingizi.

"Na mtoto wa yule mama?" Nyamizi aliuliza, ingawa alishajua.

"Alipewa kijiko wiki mbili zilizopita." Mbula alimvuta mwanawe kifuani. Uso wake ulikuwa umekonda mno kwa mama wa siku sita. "Siku ya nane kila mtoto anapewa. Vijiko vitatu vya maji ya Chungu Kikuu, ndipo anaandikwa jina. Kisha kila siku kijiko asubuhi, kijiko jioni. Huyu wangu ni keshokutwa."

Asubuhi Nyamizi alishuka ziwani mwenyewe. Alisikia harufu kabla hajaona maji. Pale upepo ulipokuwa ukisukumia, utando wa kijani ulikuwa mzito na wa kung'aa, kama mtu kamwaga madebe ya rangi ya mafuta akakimbia. Pembeni kwenye mawe ulikuwa umekauka ukageuka samawati iliyopauka. Samaki wadogo walielea matumbo juu. Bata wawili walilala kwenye matete kama waliotupwa. Na katikati ya hayo yote wanawake walikuwa wameingia maji ya magotini, wanateka kwa vibuyu, na aliyeteka pale penye utando mzito alisifiwa kwamba hakuchagua.

Mbuzi mmoja alikunywa ukingoni. Nyamizi alimtazama akipanda mchanga. Hatua kumi, akayumba kama mlevi. Akapiga magoti ya mbele, akatetemeka mwili mzima, akalala.

"Mbuzi wenu anakufa!" Nyamizi alipiga kelele.

Mwenye mbuzi hakushtuka hata kidogo. Alimtazama mgeni kwa huruma. "Kanywa mabichi, dada. Wanyama hawana mafiga. Unaona sasa kwa nini sisi tunachemsha?"

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Nyamizi sawasawa, ikakaa. Kwa sababu aliujua ule utando. Miaka mitatu nyuma ulikuja kwao baada ya joto kali na mvua iliyozoa mbolea na uchafu wote wa mashambani ukaingia ziwani. Ng'ombe wa jirani walikufa, mbwa walikufa. Bwana afya alikuja sokoni na kipaza sauti: huo ni mwani wenye sumu, maji haya msiyanywe, msiyaoge, watoto wasichezee ufukweni, mifugo ifungwe mbali, samaki waliojifia wasiliwe, aliyeguswa na utando aoshwe kwa maji safi papo hapo. Kisha akarudia neno moja mara tatu: msichemshe mkadhani mmepona. Nyamizi siku ile alikuwa akiwachekesha wenzake kuhusu suruali ya bwana afya iliyompwaya. Lakini neno alilisikia.

Akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Mapovu.

Mzee Lugendo, mwenye cheo hicho, alikuwa amekaa barazani pake akikagua chungu kidogo. Kazi yake ilikuwa kuamua kwa jicho kama mapovu yametosha. Alimkaribisha mgeni vizuri, akamtolea kigoda kwa mkono wake mwenyewe. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka rangi ya kiini cha yai.

"Shikamoo, mzee."

"Moto upo, mwanangu?"

"Upo, lakini hausaidii," alisema Nyamizi, akamweleza yote, bila kutaja kanga wala nani kaimba.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo bwana afya wenu, alikuwa na chungu?"

"Alikuwa na kipaza sauti."

"Aha." Hakucheka. "Nikueleze. Nilikuwa na miaka tisa kipindupindu kilipokuja. Tulikuwa ndugu sita nyumbani kwetu, nilibaki mimi. Akaja mkunga mmoja mgeni, kama ulivyokuja wewe, akasema chemsheni. Wazee wakamcheka. Waliochemsha wakabaki, waliocheka tukawazika. Nchi hii yote unayoiona ni wajukuu wa waliochemsha."

"Na alisema kweli, mzee. Simpingi. Kile kilikuwa kijidudu, kiko hai, moto ukakiua. Hii ni sumu. Sumu haiko hai, utaiuaje? Ukichemsha, vile vijimea vya utando vinapasuka vinaimwaga yote kwenye maji. Unaipika tu."

Mzee alijishika tumbo, chini ya mbavu za kulia.

"Tuseme ni kweli," alisema mwisho. "Unataka nisimame niwaambie watu moto hautoshi? Siku nikilisema hilo watauzima. Unawajua watu? Kuni ni nzito, moshi unaumiza macho. Watauzima kwa furaha. Na kipindupindu kitarudi kiwamalize."

"Basi wasiuzime! Wachemshe maji ya chemchemi. Ipo hapo mlimani, nimeipita ninakuja, inatoka kwenye mwamba. Ziwa liachwe mpaka lijisafishe."

"Sheria inasema ziwa."

"Sheria ilipoandikwa ziwa lilikuwa jeupe!"

"Nitalipeleka kwenye baraza la nchi," alisema Mzee Lugendo, na alilipeleka kweli. Hakuwa mtu wa hila. Ingekuwa heri angekuwa wa hila, maana mwenye hila huogopa.

Baraza lilijadili alasiri nzima. Kulikuwa na waliotaka mgeni afukuzwe, na waliosema maneno yake yasidharauliwe. Mjumbe mmoja alishauri utando uitwe "nguo ya ziwa" ili watoto wasiogope. Mwishowe wakapatana, na karani akapita nyumba hadi nyumba akisoma uamuzi: kwa kuwa mgeni amedai maji yana nguvu kuliko kawaida, nayo yatachemshwa kuliko kawaida. Maji ya kijiko yatatokota kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, mpaka chungu kibaki nusu.

Nyamizi aliposikia "kibaki nusu" alikaa chini palepale uani. Sumu ileile, maji nusu. Yeye ndiye aliyekwenda kusema, na sasa kijiko cha mtoto wa mdogo wake kitakuwa kikali mara mbili ya kile kilichomlaza mtoto wa Mama Gindu.

"Mbula, twende leo hii."

"Mzazi hatoki getini kabla ya kijiko, dada. Jirani wote ni macho."

"Masele!"

Masele alikuwa amekaa akitazama viganja vyake vyenye masizi. "Shemeji, kesho ni zamu yangu ya kuchochea," alisema.

Siku ya Kijiko uwanja ulijaa. Watu walivaa vizuri, ngoma ililia kidogo ikanyamaza kwa sababu mpigaji aliomba ruhusa ya kwenda nyuma. Chungu Kikuu kilikuwa kimebaki nusu, na maji yake yalikuwa na rangi ya mchuzi wa kisamvu. Mzee Lugendo aliyachota kwenye bakuli la udongo, akayapuliza yapoe, taratibu, kama babu anavyompulizia mjukuu uji. Alionekana kukonda tangu jana.

Kwa desturi, ndugu wa mama hupewa nafasi ya kumwombea mtoto mema. Nyamizi akasimama. Alikuwa amezoea kusema mbele za watu maisha yake yote, na leo ulimi ulikuwa mkavu kama gome.

"Mimi nimetapika," alisema. "Mara nne. Juzi."

Mama mmoja akamziba mwanawe masikio.

"Ulikunywa mabichi?" karani aliuliza.

"Nilikunywa chai ya humu, iliyochemshwa humu, mbele ya wanawake wasiopungua kumi. Wamo hapa. Semeni basi, mashoga! Si nanyi mlikuwa mnatoka mmoja mmoja?"

Walitazama chini. Mtu mmoja alikohoa, akajutia kikohozi chake. Karani aliandika, akasoma alichoandika: "Mgeni alikuja na tumbo lake kutoka kwao." Watu wakashusha pumzi. Mambo yakaendelea.

"Nyumba hii ina moto?" karani aliuliza, kama sheria inavyotaka.

"Upo, unawaka," Masele alijibu.

"Baba anateka ziwani?"

"Nateka."

"Mama hajanywa mabichi?"

Hilo hujibiwa na mama mwenyewe. Karani alikuwa tayari ameshaanza kuandika jibu, kwa kuwa tangu sheria iwepo halijawahi kuwa jingine. Mbula alimtazama mwanawe, aliyekuwa macho, anatafuta kitu hewani kwa mdomo. Akatazama bakuli.

"Nimekunywa," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Sema tena, mama."

"Nimekunywa mabichi. Nilikwenda ziwani nikanywa kwa mkono. Siku nyingi."

Nyamizi alijua ni uongo. Mdogo wake hajawahi kuvunja hata amri ya kufagia. Kisha akauelewa: mtoto wa nyumba iliyozimwa moto hapewi kijiko.

"Muongo!" Masele alipiga kelele. Alisukuma watu akafika mbele, machozi yakichora michirizi kwenye masizi. "Mzee, anaumwa, hajui anachosema! Mke wangu hajawahi! Mimi ndiye ninayechemsha, kwa mikono hii!"

"Nyamaza, baba mtoto," Mbula alisema taratibu.

"Sitanyamaza! Unajitukana mbele ya nchi!"

Mzee Lugendo aliinua mkono. Alionekana kufarijika. "Sheria inataka shahidi wa nyumba. Masele, wewe unaishi naye. Ukisema hajanywa, hajanywa, na tunaendelea. Sema."

Akachovya kijiko kwenye bakuli.

Masele alifungua kinywa. Mbula hakumwonyesha ishara yoyote, alimtazama tu, na huku akimtazama akaifunika midomo ya mtoto kwa kidole kimoja. Nyamizi alijikuta anahesabu matone yanayodondoka kwenye kijiko kurudi bakulini. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Nilimwona," alisema Masele. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nilimwona akinywa. Nikaficha."

Hawakupigwa wala kutukanwa. Wajumbe wawili walikwenda nao nyumbani, wakamwaga ndoo ya maji ya ziwa juu ya mafiga, moto ukalia, ukafa, na mvuke wa kijivu wenye ile harufu ukajaa uani. Mbula alimfunika mtoto uso kwa kanga, akatoka bila kugeuka. Masele alibeba furushi, naye Nyamizi akabeba hofu yake, maana ilikuwa bado nzima: mtoto alikuwa akinyonya maziwa ya mama aliyekunywa ile chai siku zote hizo, na hakuna aliyejua sumu kiasi gani imeshapita. Njia ya kwenda mlimani kwenye chemchemi inarudi uwanjani. Hakuna nyingine.

Walikuta uwanja haujatawanyika. Mbele ya meza ya karani alikuwa amesimama Mama Gindu, mtoto wake wa miaka mitatu mgongoni.

"Nimekunywa mabichi," alikuwa akisema. "Andika."

"Wewe? Lini?"

"Andika tu, baba. Unataka shahidi? Huyu hapa mama mkwe wangu atashuhudia."

Na mkongwe mmoja aliyeegemea fimbo akasema ameona kwa macho yake. Nyuma ya Mama Gindu alisimama mwanamke mwenye mimba. Nyuma yake mwingine, na mapacha. Walikuwa saba Nyamizi alipotazama kwanza, na alipotazama tena hakuona mwisho wa mstari, umepinda nyuma ya nyumba ya karani. Hawakusemezana. Wengine walikuwa wakitapika palepale walipo, mchana kweupe, bila kanga, na aliyekuwa nyuma akimshikilia wa mbele mabega.

Mzee Lugendo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na Chungu Kikuu, bakuli mapajani, analia kimyakimya.

"Nchi nzima," alimwambia Nyamizi alipomkaribia. "Kumbe nchi nzima inakunywa mabichi. Nami sikujua. Ndiyo maana tunazika hivi."

"Mzee, si hivyo. Njoo nasi. Maji yako mlimani, mwendo mfupi tu."

"Niwaache watoto hawa bila moto?" Alijifuta macho yake ya njano kwa kiganja. Akaliangalia bakuli. Mvukeni maji yaliyotokota hayamwagwi. Waliomwaga walizikwa zamani. Akalishika kwa mikono miwili.

"Baba, usinywe," alisema Nyamizi. Alipiga magoti, akamshika viganja. "Nakuomba, usinywe hayo."

Mzee alimtoa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, bila ukali wowote, kama anavyotolewa mtoto aliyeng'ang'ania nguo ya mkubwa.

"Usiogope, mwanangu," alimwambia. "Haya hayana kitu. Nimeyachemsha mwenyewe."

Akanywa mpaka chini, akashusha bakuli, akamwita karani kwa sauti ya kazi: aongeze kuni.